Siku mbili za malipo: kazi na mapumziko ya mpiga picha wa magazeti hapa Lubumbashi

Kazi huniingia kwa barua pepe fupi. Mhariri wa picha aliyeko Paris au London anaeleza kwamba gazeti lake linaandaa makala kuhusu shaba au kobalti (madini ya kutengenezea betri) ya Kongo, anataja jina la mwandishi nitakayefuatana naye na tarehe ya kukabidhi picha, na mwishoni anaandika idadi ya siku atakazolipia. Mara nyingi ni siku mbili. Wakiwa wakarimu, tatu. Siku ndiyo kipimo cha malipo katika fani hii, na vijana wanaoanza hukiona kuwa kipimo cha haki, kwa sababu fundi mwashi naye hulipwa kwa siku. Mimi sikioni hivyo. Siku inayolipwa ni ile ambayo kamera iko machoni, na kamera kuwa machoni ndiyo sehemu ndogo kuliko zote za kazi ninayoifanya.

Nieleze kwanza ni upigaji picha wa aina gani, maana hapa Lubumbashi mtu akisema kwamba ni mpiga picha, watu hufikiria harusi, au wale ndugu zetu wanaosimama katikati ya mji na kamera shingoni wakisubiri familia zilizovaa vizuri siku ya Jumapili. Mimi hupiga picha za habari na makala kwa kujitegemea: sina mwajiri, sina mshahara, na gazeti linalonituma leo huenda lisinikumbuke tena kwa mwaka mzima. Kampuni ya madini ikinikodi kupiga picha za kiwanda chake, yenyewe ndiyo inayochagua kitakachoonekana, nayo hulipa vizuri. Shirika la misaada likinikodi, linataka picha zinazoonyesha kwamba fedha za wafadhili zimefanya kazi. Gazeti hulipa kidogo kuliko wote hao, lakini aliyepigwa picha hana mamlaka ya kuidhinisha picha kabla haijachapishwa, hata akiwa mkurugenzi, na haki ya picha inabaki kwangu.

Jambo hilo la mwisho lilipiganiwa. Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walipoanzisha ushirika wa Magnum mwaka 1947, walisimamia msimamo kwamba mwenye picha ni mpiga picha, na kwamba gazeti hununua ruhusa ya kuitumia tu. Kwetu Kongo sheria ya haki za watunzi ni ya mwaka 1986, na picha zimo ndani yake. Kwa hiyo mkataba unapofika, ninaruka ukurasa wa fedha na kutafuta kifungu kinachosema picha zitakuwa za nani baada ya kazi. Nikikuta maneno yanayosema kwamba haki zote zinahamia kwa mnunuzi, milele na duniani kote, ninaurudisha mkataba maneno hayo yakiwa yamekatwa kwa kalamu. Wengine hukubali. Wengine hutafuta mtu mwingine, na mtu mwingine hakosekani.

Sasa tuzihesabu hizo siku mbili. Tuseme makala ni ya Kolwezi, kama zilivyo nyingi. Kabla sijafunga begi kuna karatasi. Mwaka 2015 jimbo letu la Katanga liligawanywa kuwa majimbo manne; Lubumbashi ikabaki makao makuu ya Haut-Katanga, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, kwa hiyo barua niliyogongewa muhuri huku haimtoshi mkubwa wa kule. Ninahitaji kadi ya uandishi wa habari, barua ya gazeti inayonitambulisha, hati ya safari ya kikazi, ruhusa ya wakubwa wa mawasiliano, ruhusa ya wakubwa wa madini, na nikishafika, neno la viongozi wa ushirika wa wachimbaji wenye eneo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopatikana kwa simu. Zinapatikana kwa kukaa kwenye benchi.

Ukumbi wa ofisi moja ninaujua kuliko sebule yangu: ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi kimo cha kifua na nyeupe juu yake, kalenda ya mwaka uliopita, na katibu ambaye faili langu huliweka chini ya mengine au juu yake kutegemea nilivyomsalimu. Haraka haitajwi katika ukumbi ule. Ninamwamkia, ninamuuliza habari za watoto, ninakaa. Safari moja alizigeuza karatasi zangu moja moja, akafika kwenye barua ya gazeti, akainua macho. "Baba, karatasi zako ni nzuri, lakini huyu aliyesaini huko Ulaya, mbona hakugonga muhuri?" Magazeti ya Ulaya hayana mihuri. Nilimwandikia mhariri nikimwomba atafute muhuri, naye akadhani ninatania. Nikamwandikia tena kwamba sitanii hata kidogo. Na baada ya siku kadhaa barua ilirudi ikiwa na duara la buluu lenye jina la gazeti, lililochorwa na mtu wao wa kupanga kurasa kwa ombi la mhariri mkuu mwenyewe. Katibu aliliangalia kwa ridhaa kubwa, akagonga la kwake pembeni. Siku zote hizo za benchi na za duara la buluu hazikuandikwa popote katika ankara.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba karatasi hizo ni usumbufu mtupu. Katika nchi yetu mtu mwenye kamera kubwa asiye na barua hudhaniwa upesi kuwa jasusi. Uwanja wa ndege, madaraja, kambi za jeshi na majengo ya serikali hayapigwi picha bila idhini. Na mtaani nako watu watakuuliza picha inakwenda wapi na nani atakula fedha yake. Swali hili la pili ni halali kabisa. Ninalijibu kwa kutaja kiasi ninacholipwa, na mara nyingi anayeuliza hucheka, kwa kuwa alitegemea kiasi kikubwa zaidi.

Kutoka hapa hadi Kolwezi ni takriban kilomita 300, kupitia Likasi iliyo kilomita 120 hivi kutoka mjini. Njiani unapishana na malori yaliyobeba vibamba vya shaba yakiteremka kuelekea mpaka wa Kasumbalesa na Zambia, na mengine yakipanda na tindikali inayotumiwa na viwanda vya kuchakata madini. Waandishi wageni hupenda kuondoka baada ya kifungua kinywa. Mimi husisitiza tuondoke alfajiri, kwa sababu katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mbingu yetu haina wingu, na jua likishapanda hakuna uso wa mchimbaji aliyevaa kofia ambao hauna kivuli cheusi kutoka paji hadi kidevu. Vumbi hapo linasaidia, maana asubuhi na jioni hutandaza mwanga na kuulainisha. Msimu wa mvua ni kinyume chake: mawingu yanasawazisha mwanga mchana kutwa na udongo mwekundu unakolea, lakini mashimo yanajaa maji, barabara za ndani hazipitiki, na lenzi huingia ukungu ukitoka ndani ya gari lenye kipozahewa. Wahariri hutuma kazi bila kuangalia majira. Wengi wao, nadhani, huamini kwamba mvua ya Afrika hunyesha kote kwa siku moja.

Nje ya Kolwezi kuna soko la madini la Musompo, na kama ningepewa nafasi ya kuchagua mahali pamoja pa kuelezea biashara hii yote, ningechagua pale kabla ya shimo lolote. Wachimbaji wa mikono huleta magunia kwa pikipiki hadi kwenye vibanda vya wanunuzi. Mnunuzi anachota kiasi cha udongo, anakielekezea kifaa chenye umbo la bastola ambacho wote hukiita Metorex, anabonyeza, na baada ya muda mfupi tarakimu inatokea kwenye kioo: asilimia ya madini. Bei ya gunia inatokana na tarakimu hiyo na uzito. Nimesimama mara nyingi nyuma ya bega la mnunuzi, lenzi yangu ikiwaelekea wenye gunia, nikingoja ule muda kati ya kubonyeza na tarakimu kutokea. Hakuna anayezungumza. Mmoja hukunja ukingo wa shati, mwingine huutazama mkono wa mnunuzi badala ya kioo, kwa sababu anaamini kwamba pembe ambayo kifaa kimeshikwa hubadilisha hesabu. Kisha tarakimu inasomwa kwa sauti, na ubishi unaanza. Bei iliyopangwa mbali sana imewafikia kwa njia ya kifaa ambacho hawakimiliki, na yote hayo yamo katika picha moja ya mikono na nyuso.

Picha hiyo huchaguliwa mara chache. Kinachoombwa, wakati mwingine waziwazi kabla sijaondoka nyumbani, ni mtoto mwenye matope hadi magotini anayemtazama mpiga picha. Watoto wapo, na sitaki kuficha kwamba wapo. Ninawapiga kwa nyuma, au mikono yao kwenye maji wanapoosha mawe, au umbo lao dhidi ya mwanga. Uso sipigi. Kumtumikisha mtoto katika mgodi ni kosa, sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo, na uso ukichapishwa, mtu mwepesi kupatikana ni mama yake, aliyeko palepale akiuza mikate, ilhali mnunuzi wa gunia ana geti na mlinzi. Nimeandika msimamo huu katika barua ninayomtumia kila mhariri mpya. Kazi zimenipita kwa sababu yake, na sijapata sababu ya kuubadilisha.

Februari 2025 serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, maombi yalifuatana kwa wiki kadhaa, jambo linaloeleweka kwa kuwa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka kwetu. Wote walitaka picha moja: malori yaliyosimama, barabara tupu, ukimya. Nililazimika kuwaeleza mmoja baada ya mwingine kwamba shaba haikusimamishwa, kwamba barabara ya Kasumbalesa ilikuwa imejaa malori vilevile, na kwamba aliyetaka kuona athari alipaswa kwenda kwenye vibanda vya wanunuzi na kwenye nyumba za kupanga za wachimbaji. Wawili watatu walikubali. Hii nayo ni kazi, kumwondolea mtu picha aliyokwisha kuiona kichwani, na hufanyika kabla ya siku ya kwanza ya malipo.

Jioni mwandishi anakaa uani na bia yake baridi, amestahili. Mimi ninaanza nusu ya pili ya siku. Kabla ya kula ninanakili kadi kwenye diski mbili, moja inabaki begini na nyingine ninalala nayo. Kisha uchaguzi: kuangalia picha zote haraka, kuacha nyingi, kurudi kwa zile zilizobaki polepole. Ninarekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, bila kuongeza wala kuondoa kitu ndani ya fremu, hata chupa ya plastiki inayokera pembeni. Mashindano ya World Press Photo, yaliyoanza mwaka 1955, humwondoa mshiriki kwa kosa hilo, na magazeti makini humfutia kazi.

Sehemu ninayoithamini zaidi ni kuandika maelezo ya picha, na ndiyo isiyozungumzwa kabisa na vijana wanaoniuliza ninatumia kamera gani. Maelezo huandikwa ndani ya faili lenyewe, katika nafasi zilizowekwa na kiwango cha kimataifa kinachoitwa IPTC: nani, anafanya nini, wapi, lini, nani alipiga. Picha ikiuzwa, ikinakiliwa, ikihifadhiwa kwenye hifadhi ya gazeti hadi sote tufe, maneno hayo husafiri nayo. Ndiyo maana ninatembea na daftari na kumwomba kila aliyekubali kupigwa picha aandike jina lake kwa mkono wake. Jina la Tshibangu mwingine huliandika Cibangu, na si juu yangu kumwamulia. Asiyejua kuandika humwita mwenzake, mwenzake humwita wa tatu, na kabla hatujamaliza nimeshajua kwamba bwana huyu alikuwa akifundisha shule ya msingi, kwamba mshahara ulikoma, kwamba yule mrefu ni shemeji yake. Asiyetaka jina litoke, ninaandika hivyo, pamoja na sababu. Halafu maelezo yanafika kwa mhariri yakiwa aya nzima, na gazetini yanatokea: "Mchimbaji, Kongo." Hapo ndipo ninapoandika barua ya malalamiko, kwa adabu, kila mara. Imesaidia mara chache, lakini imesaidia.

Haya yote yanategemea umeme, na umeme wa nyumba ya wageni hukatika bila taarifa. Kuna kejeli ndani yake. Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Ilikamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi yetu, na nyaya zake hupita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa. Viwanda vya madini vinang'aa usiku kucha upande wa pili wa ukuta, nami ninakokotoa dakika zilizobaki kwenye betri ya kompyuta. Picha ninazituma usiku wa manane, mtandao unapokuwa na watu wachache.

Kuhusu malipo sitasema mengi, kwa kuwa yananichosha hata kuyaandika. Ankara hulipwa baada ya siku 30 kwa mkataba, na baada ya miezi kwa hali halisi. Benki za katikati hukata chao. Na fedha ikishafika, dukani hawapokei noti ya dola yenye mchaniko ambao huwezi kuuona mpaka uinyanyue kwenye mwanga. Noti za namna hiyo ninazihifadhi katika bahasha, nikisubiri mtu atakayezibadilisha kwa hasara.

Baada ya kazi huja kimya, na kimya hicho ndicho kinachowashangaza jamaa. Bajeti za magazeti huwa nzito kuamka mwanzoni mwa mwaka, na mwezi wa Agosti Ulaya nzima iko likizoni, wakati ambao kwetu mwanga wa asubuhi ni mzuri kuliko wakati mwingine wowote. Mama mdogo, ambaye hupita kwangu akienda sokoni na kunikuta nimekaa barazani katikati ya juma, aliniuliza mwaka juzi kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, wazungu wamekufukuza?" Nikamjibu, "Hapana, Mama, wamekwenda kuogelea." Hakuamini. Jioni alinitumia unga wa bukari, yaani ugali, kwa mkono wa binamu yangu.

Kimya hicho hulishwa na kazi nyingine. Ninapiga harusi, na sikubaliani na wenzangu wanaozidharau. Sherehe ya mahari ni shule nzuri kuliko warsha nyingi za uandishi wa habari: msemaji wa familia ya kike anasoma orodha kitu kimoja kimoja, msemaji wa upande wa kiume anajibu kwa utani uliopimwa, noti zinahesabiwa mbele ya wote, na binti anatolewa chumbani kwa wakati ambao hakuna aliyekutangazia. Ukikosa hapo, hakuna wa kukurudishia. Magazeti ya hapa hunituma mara kwa mara Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011, klabu iliyoshinda ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Siku ya kukutana na Lupopo, mahasimu wao wa hapa mjini, ninageuza mgongo uwanjani kwa muda mrefu na kupiga majukwaa. Mabao watapiga wengine. Malipo yake hununua chakula cha siku chache, lakini macho hayapati kutu.

Na kuna mapumziko halisi, ambayo nimelazimika kuyawekea kanuni kwa sababu bila kanuni hayapo. Ijumaa jioni kamera inabaki kabatini. Tunakutana watu wale wale mahali pale pale, tunaagiza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na pilipili, tunabishana kuhusu Mazembe kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe, na anayetaja kobalti hulipia meza. Jumapili ninakwenda kwa wazazi, ninakunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ninalala mchana. Ninawaambia hivi wasomaji vijana kwa kuwa wengi wanadhani mpiga picha wa kweli hatoki nyumbani bila kamera. Mimi nikiibeba kila mahali ninaacha kuona. Ninaanza kutafuta picha zinazofanana na zile zilizokwisha kununuliwa.

Ni katika Agosti hizo zisizo na barua pepe ndipo nilipoanza kuwafuata waendesha baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia. Yeyote anayeishi mjini hapa anawajua: wanatoka porini usiku, baiskeli imefungwa magunia pande zote hadi kiti hakionekani, na kwa kuwa haiwezekani kuipanda wanaisukuma, mkono mmoja ukishika kipande cha mti kilichofungwa kwenye usukani ili kuurefusha. Mji unapika kwa makaa yao kwa kuwa umeme hautoshi majumbani, na misitu ya miombo inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nao hutoka mbali zaidi. Hakuna mhariri aliyeagiza. Nilitembea nao asubuhi nyingi kabla ya kutoa kamera, na picha nilizozipiga nilizichapa kwenye karatasi na kuwarudishia barabarani, jambo ambalo ratiba ya siku mbili haijawahi kuniruhusu. Miaka miwili baadaye jarida moja liliandika kuhusu misitu, likanunua kadhaa. Kazi iliyoonekana kuwa uvivu barazani ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba msimu ule.

Shughuli yangu ya pili ya wakati huo ni albamu. Katika kambi za zamani za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kuna familia ambazo baba aliondoka kazini katika mpango wa mwaka 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha ya kuagana na kampuni. Nyumbani mwao zimebaki picha: bwana amesimama studio na redio mpya, mama amevaa kitenge cha wax kilichopigwa pasi hadi mistari inaonekana, safu ya wafanyakazi wakipokea nishani. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alitangulia kutuonyesha picha za zamani za migodi na magofu ya leo vikikaa katika fremu moja, na Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ambayo yeye na wenzake waliianzisha mwaka 2008 ilitufanya tuone kazi za watu wa hapa zikitundikwa hapa kwanza. Mimi sifanyi sanaa ya aina hiyo. Ninanakili albamu kwa kompyuta palepale mezani kwa mwenyewe, bila kuiondoa nyumbani, na mzee wa nyumba ananitajia majina kutoka kushoto kwenda kulia. Wanapobishana kuhusu mtu wa nne, ninaandika majina yote mawili.

Sasa jarida moja la Ulaya limezisikia na limeuliza bei, likipendekeza kunilipa kwa siku. Nimejibu kwamba picha hizi hazina siku: kila picha itakuwa na bei yake, nusu ya bei itakwenda kwa familia yenye albamu, na maelezo hayatafupishwa bila idhini yangu, hata yakichukua nafasi ya tangazo. Kuhusu bei tumeelewana haraka kuliko nilivyotegemea, na mgawo wa familia haukuwa na mjadala. Kifungu cha maelezo ndicho tunachobishania hadi leo, kwa sababu katika picha moja kuna wafanyakazi kumi na tisa wenye nishani, na mpangaji wao wa kurasa anasema majina kumi na tisa hayatoshei.